Kwa nini mwili wa mke wangu unaikataa figo yangu kabla hata haijapandikizwa?

Swali: "Naandika kutoka Arua. Mke wangu figo zote mbili zimeshindwa kazi, anasafishwa damu Kampala mara mbili kwa wiki. Tuna watoto wanne. Uzazi wa tatu alitokwa na damu nyingi, akaongezewa chupa mbili. Nimejitolea kumpa figo moja. Sote ni kundi O na mimi nimepimwa nikaonekana mzima, lakini krosimachi, kipimo cha kuchanganya seramu (maji ya damu) yake na seli zangu, imetoka pozitivu, yaani ana kingamwili, protini za ulinzi, dhidi yangu. Daktari akasema mwili wake unanikumbuka. Unanikumbuka vipi, na hajawahi kupata figo ya mtu? Kingamwili hizo zikiondolewa, nitaweza kumpa? Na kaka yake akimpa, kumbukumbu hiyo haitajengwa upya?"

Jibu:

Daktari wenu amesema kweli, ndugu yangu, na hakuna kosa ambalo wewe au mama watoto mmelifanya. Kundi la damu kulingana ni hatua ya kwanza tu. Kinachowazuia ni protini ziitwazo HLA, zilizo juu ya karibu kila seli ya mwili yenye kiini. Jeni zake zimekaa pamoja kwenye kromosomu ya 6 na hurithiwa kwa mafungu: moja la baba, moja la mama. Kila mtoto wenu amebeba nusu ya HLA zako. Mimba inapokua, seli chache za mtoto hupenya kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mama, na siku ya kujifungua huingia nyingi zaidi. Kwa hiyo mfumo wa kinga wa shemeji umekutana na HLA zako katika mimba zote nne. Figo yako hajawahi kuipata, ila alama zilizo juu yake anazijua tangu mimba ya kwanza.

Jambo hili hutokea kwa wanawake wengi. Utafiti mkubwa wa wachangiaji damu wa Marekani, uliochapishwa 2009, ulikuta kingamwili dhidi ya HLA kwa asilimia 1.7 ya wanawake ambao hawajawahi kushika mimba, asilimia 11.2 ya wenye mimba moja, na asilimia 32.2 ya wenye mimba nne au zaidi. Katika nchi kama Uganda, ambako mama wa watoto wanne au watano ni wa kawaida, kila mwanamke anayeandaliwa kupandikizwa figo anapaswa kuulizwa habari za mimba zake zote, hata zilizoharibika. Zile chupa mbili nazo zilichangia. Chembe nyekundu zina HLA kidogo mno, lakini chembe nyeupe na chembe sahani zinazobaki ndani ya mfuko wa damu zimejaa HLA za wachangiaji. Mwili uliokwisha kuamshwa na mimba huitikia damu ya kuongezewa kwa nguvu zaidi kuliko mwili ambao haujaamshwa.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu yenyewe, kwa sababu majibu ya maswali yako mengine yote yamo humo. Hakuna seli moja inayoijenga peke yake. Zinahitajika angalau tatu, na lazima zishikane.

Ya kwanza ni seli dendriti. Huokota vipande vya HLA yako, husafiri navyo hadi kwenye tezi za limfu au bandama, na huko huvionyesha kwa seli T saidizi. Seli T haiamki kwa kuona kipande peke yake. Inahitaji ishara mbili: kipokezi chake kishike kile kipande, halafu protini ya CD28 iliyo juu yake ishikane na protini ya CD80 au CD86 iliyo juu ya dendriti. Ishara ya pili ikikosekana, seli hiyo hulegea na inaweza kunyamaza kabisa.

Wakati huohuo iko seli B ambayo kipokezi chake, kwa bahati tu, kinaishika HLA yako ikiwa nzima. Huimeza, huikatakata, kisha huweka nje vipande vilevile ambavyo dendriti ilivionyesha. Seli T iliyokwisha kufunzwa ikikutana nayo na kuvitambua vipande hivyo, hushikana nayo kwa protini za CD40L na CD40, na humwaga saitokini (ujumbe wa kemikali kati ya seli) iitwayo IL-21. Hiyo ndiyo ruhusa. Seli B huingia katika eneo maalumu ndani ya tezi, hugawanyika kwa kasi, na hubadilisha kidogokidogo jeni za kingamwili yake. Zile zinazoishika HLA yako vizuri zaidi hupata msaada wa seli T na kuendelea kuishi, nyingine hufa. Kazi hii huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana kingamwili zinazotoka mwishoni hushika kwa nguvu kuliko zilizotoka mwanzoni, na ndiyo maana hubadilika kutoka aina ya mwanzo, IgM, kuwa aina ya kudumu, IgG.

Humo hutoka aina mbili za seli ambazo watu wengi huzichanganya. Moja ni seli za plazma za muda mrefu. Hizi huhamia kwenye uboho wa mifupa, hulishwa huko na seli za jirani kwa saitokini za IL-6 na APRIL, na hutoa kingamwili usiku na mchana kwa miaka mingi bila kuhitaji kuamshwa tena. Nyingine ni seli B za kumbukumbu. Hizi hazitoi chochote. Zimelala kama mbegu udongoni, na HLA ileile ikirudi huchipuka ndani ya siku chache. Kingamwili zinazoonekana katika kipimo cha shemeji leo zinatoka kwa seli za plazma. Seli B za kumbukumbu hazionekani katika kipimo hicho. Mama anaweza kukaa miaka 15 baada ya uzazi wa mwisho, kingamwili zikapungua hadi krosimachi ikatoka negativu, kisha akapandikizwa figo ya mumewe na katika wiki ya kwanza au ya pili kingamwili zikapanda ghafla. Kwa sababu hii mume au mtoto anapojitokeza kumpa figo mama mwenye watoto, timu yenye uangalifu huwa macho hata kama karatasi ya maabara ni safi.

Seli T nazo zina kumbukumbu yao. Baadhi hubaki zikizunguka kwenye tezi za limfu, tayari kugawanyika upya. Nyingine hupita kwenye damu na tishu, zikiwa tayari kushambulia mara moja. Nyingine huhamia ndani ya kiungo na kukaa humohumo. Tofauti yao kubwa na seli T ambazo hazijawahi kuona kitu ni kwamba haziitegemei sana ile ishara ya pili. Baadhi hupoteza CD28 kabisa. Hapo ndipo belatasepti, dawa ya kuzuia kukataliwa ambayo kazi yake ni kuziba CD80 na CD86, inapopungukiwa: hutuliza vizuri seli changa, lakini zenye kumbukumbu huipita, na wagonjwa wake hupata kukataliwa kwa ghafla mara nyingi zaidi katika miezi ya mwanzo kuliko wanaotumia dawa ya zamani ya saiklosporini. Hata dawa kali ya kuzimaliza seli T, iitwayo ATG, huacha baadhi ya zenye kumbukumbu. Mwili ukiona pengo, zilizobaki hugawanyika kulijaza.

Mtu anaweza kuwa na seli T za namna hii bila mimba wala kuongezewa damu. Kati ya seli T zetu, asilimia 1 hadi 10 zinaweza kuitikia HLA za mtu mwingine, na nyingine kati ya hizo zilifunzwa na virusi. Mfano unaojulikana vizuri ni seli T zinazopigana na virusi vya Epstein-Barr kwa mtu mwenye HLA-B8, ambazo huweza kuidhania HLA-B44 ya mtu mwingine kuwa ni adui yuleyule.

Kazi ya watafiti Medawar na Gibson kule Glasgow, iliyochapishwa 1943, ilionyesha matokeo ya haya yote kabla hata seli hizi hazijajulikana. Mama aliyeungua moto aliwekewa vipande vya ngozi ya kaka yake. Vya awamu ya pili viliharibika upesi kuliko vya kwanza.

Kwa figo hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa damu huingia ndani yake papo hapo. Kingamwili hushika HLA kwenye kuta za mishipa midogo, huziita protini za damu ziitwazo komplementi zitoboe seli, na seli NK (seli wauaji wa asili) zikishika mkia wa kingamwili kwa kipokezi chao CD16 humalizia kazi. Mishipa huganda. Kingamwili zikiwa nyingi, figo huweza kufa mezani pa upasuaji ndani ya dakika au saa chache. Mwaka 1969 watafiti Patel na Terasaki walitoa hesabu iliyobadilisha kazi hii duniani kote: wagonjwa 30 walipandikizwa wakiwa na krosimachi pozitivu, na figo 24 zilishindwa mara moja, kwa wagonjwa 195 wenye negativu zilishindwa 8. Kwa hiyo aliyewasimamisha ameokoa figo yako isipotee bure.

Kipimo chenyewe ni rahisi kukielewa. Kwenye sahani ndogo ya plastiki yenye vishimo 60 au 72, mtaalamu huweka maikrolita 1 ya seramu ya mkeo katika kila kishimo, kisha maikrolita 1 yenye seli zako nyeupe zikiwa hai. Husubiri dakika 30. Huongeza maikrolita 5 za komplementi ya sungura na kusubiri dakika 60, halafu huweka rangi. Seli iliyotobolewa huinywa rangi, iliyo hai hubaki bila rangi. Huhesabu zilizokufa na kuandika alama kutoka 1, yaani si zaidi ya asilimia 10 zimekufa, hadi 8, yaani zaidi ya asilimia 80.

Kwa hiyo usirudi nyumbani na neno "pozitivu" peke yake. Omba karatasi na uulize mambo haya. Ni pozitivu kwa seli T au kwa seli B tu? Seli T zikitulia huonyesha HLA za A, B na C peke yake, na pozitivu hapo ndiyo ya hatari zaidi. Seli B huonyesha hizo pamoja na HLA za DR, DQ na DP. Ilirudiwa kwa DTT? Kemikali hiyo huvunja IgM, na ikiwa pozitivu hutoweka baada yake, huenda kilichoonekana si kumbukumbu bali kingamwili ya mwili dhidi yake wenyewe, ambayo kwa kawaida haina madhara kwa figo. Je, ilifanywa kwa njia ya vishimo au kwa mashine ya flosaitometa, ambayo hunasa hata kiasi kidogo? Na je, kipimo cha Luminex, cha shanga ndogo zilizopakwa HLA, kimetaja ni HLA ipi yako inayolengwa, kwa kiwango gani cha MFI (namba inayoonyesha wingi wa kingamwili)? Bila jibu la swali hili la mwisho hakuna anayeweza kuwashauri sawasawa.

Swali lako la pili: kingamwili zikiondolewa? Kuziondoa kunawezekana. Huchujwa kwa kubadilisha plazma, mara nyingi siku moja baada ya nyingine kwa awamu tano au zaidi, na kila awamu hufuatwa na IVIG (kingamwili za wachangiaji zinazodungwa mshipani) karibu miligramu 100 kwa kila kilo ya uzito. Takrolimusi na mikofenoleti, dawa za kutuliza kinga, huanzishwa mapema, na vituo vingi huongeza dawa ya rituksimabu, miligramu 375 kwa kila mita mraba ya mwili. Ugumu ni kwamba zaidi ya nusu ya IgG iko nje ya mishipa ya damu, hivyo baada ya kila awamu nyingine hurudi ndani. Halafu rituksimabu huua seli zenye alama ya CD20. Seli B za kumbukumbu zinayo. Seli za plazma za muda mrefu hazina, hivyo huendelea na kazi yao kule kwenye uboho. Kuna kimeng'enya kiitwacho imlifidasi, kilichotolewa kwenye bakteria, ambacho hukata IgG yote mwilini ndani ya saa chache. Ni cha ajabu kweli, lakini baada ya wiki moja au mbili kingamwili huanza kurudi, kwa kuwa waliozitengeneza bado wapo. Kuondoa kingamwili si kuondoa kumbukumbu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kama MFI ni ndogo na pozitivu ni ya flosaitometa tu, kituo chenye uzoefu kinaweza kujaribu kuziondoa. Kama ni pozitivu ya vishimo kwa seli T, msitumie pesa za shamba kupambana na kumbukumbu ya mimba nne wakati njia nyingine bado hamjaijaribu. Ni ghali, huongeza hatari ya maambukizi, na figo zilizopatikana hivyo kwa wastani hudumu muda mfupi kuliko za mtoaji anayelingana.

Njia nyingine ni familia yake. HLA za kaka na dada zake zinatoka kwa wazazi wake mwenyewe, si kwako. Kila ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi ya asilimia 25 kufanana naye HLA zote, 50 kufanana nusu, na 25 kutofanana kabisa. Wakiwa ndugu wanne, nafasi ya kumpata angalau mmoja anayefanana naye kabisa ni karibu asilimia 68. Wapimeni wote wenye afya, msianze na mmoja na kungoja miezi. Mtoto wenu mkubwa msimtegemee hata kama ametimiza miaka 18: nusu yake ni yako, na huenda ndiyo nusu ileile ambayo mama yake ameikariri. Wewe nawe bado unaweza kusaidia. Sheria ya India, ambako Waganda wengi wametibiwa, inaruhusu familia mbili kubadilishana watoaji; figo yako ikaenda kwa mgonjwa mwingine na ya jamaa yake ikaja kwa shemeji. Hospitali ya taifa ya Mulago, Kampala, nayo ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Desemba 2023, baada ya Uganda kupata sheria ya upandikizaji wa viungo, kwa hiyo anzeni kwa kuuliza hapohapo. Kununua figo ni kosa la jinai; atakayewaletea mtoaji wa kulipwa mfukuzeni.

Kaka yake akimpa, je, kumbukumbu itajengwa upya? Ikiwa HLA zao zinafanana kabisa, hatari ni ndogo sana. Ikiwa zinafanana nusu, zile seli tatu zinaweza kuanza kazi yao upya, na kazi ya dawa ni kuzikatiza. Takrolimusi huzuia seli T isitoe IL-2, saitokini inayozichochea zigawanyike, mikofenoleti huzuia seli T na B zisigawanyike, prednisoloni hutuliza dendriti na makrofaji. Bila seli T saidizi, seli B haipati ruhusa. Lakini uzuiaji huu ni wa saa kwa saa. Kiwango kikishuka mara kwa mara, seli T huamka, na kingamwili mpya, hasa dhidi ya DQ, huanza kimyakimya huku mkojo unatoka vizuri na mgonjwa anajisikia mzima. Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo imechoka, inapopanda, kumbukumbu imeshajengwa na haifutiki. Zipo pia seli T za kutuliza, zenye alama ya FOXP3, ambazo huwazuia wenzao wasishambulie. Nazo zinahitaji IL-2 ili kuishi, ndiyo sababu takrolimusi nyingi kupita kiasi si salama kwa maana hiyo pia.

Kwa hapa kwetu nitasisitiza machache. Takrolimusi ni kila saa 12, na damu ya kupima kiwango huchukuliwa asubuhi kabla ya kumeza, si baada. Vituo vingi hulenga karibu nanogramu 8 hadi 12 kwa mililita miezi mitatu ya kwanza. Waafrika wengi wana jeni ya CYP3A5 inayoivunja dawa hii haraka, hivyo huhitaji dozi kubwa zaidi kufikia kiwango hichohicho. Msishangae wala kupunguza kwa sababu jirani anameza kidogo. Rifampisini ya kifua kikuu hukiangusha kiwango vibaya ndani ya siku chache, na rifapentini iliyomo katika dozi ya kinga ya wiki 12 hufanya vilevile. Ikihitajika kinga ya kifua kikuu, imalizwe kabla ya upandikizaji, au itumike isoniazidi peke yake. Flukonazoli, klarithromisini na balungi hukipandisha. Hakuna dawa ya duka la mtaani bila kupiga simu kliniki kwanza.

Chanjo zenye virusi hai, ikiwemo ya homa ya manjano ambayo India huidai kwa msafiri kutoka Uganda, hazipewi baada ya kupandikizwa. Zungumzeni na daktari sasa kama shemeji anaweza kuipata, na iwe angalau wiki nne kabla ya upasuaji. Hepatitisi B nayo ikamilishwe wakati huu, maana kumbukumbu iliyojengwa kabla ya dawa hubaki kwa ubora kuliko inayojaribiwa chini ya dawa.

Na damu. Hili nalisema kwa uzito kuliko yote. Kila chupa atakayoongezewa kuanzia leo inaweza kuamsha zile seli B zilizolala na kumnyima hata kaka yake. Hemoglobini ikishuka, ombeni sindano za erithropoietini (dawa ya kuongeza damu) na madini ya chuma mapema, kabla hajafika mahali pa kuhitaji damu. Akiwa hatarini apewe, uhai kwanza, lakini mwombe damu iliyochujwa chembe nyeupe kama ipo, andikeni tarehe, na iambieni timu ya upandikizaji. Seramu yake irudiwe kupimwa baada ya siku 14 na tena karibu siku 28, kwa kuwa krosimachi iliyofanywa kabla ya chupa hiyo haina thamani tena. Mtakapopeleka damu ya ndugu zake, seli za mtoaji lazima zifike hai: bomba lenye heparini au ACD (dawa za kuzuia damu isigande), lisiwekwe kwenye friji wala barafu, lifike maabara ndani ya saa 24. Kutoka Arua ni rahisi zaidi ndugu wenyewe wasafiri hadi Kampala wakatolewe damu hukohuko.